Safari Iliyofungwa Saa Kumi

Mpaka saa sita mchana Mlima Meru ulikuwa haujaonyesha hata ncha yake, na Inspekta Batuli Msangi alikuwa ameuliza swali moja mara nne na kupewa jibu moja mara nne. Jibu lenyewe lilimkera kuliko kama wangenyamaza.

"Nathanael amerudi, afande," Mama Kaanaeli alisema. Yeye ndiye mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili pale Levolosi, juu ya duka la vitenge. "Mfumo unasema alifunga safari jana saa kumi na dakika nne jioni. Sasa mimi nifanyeje? Nimkatalie mtu kwamba amerudi?"

"Mkewe yuko hapo nje kwenye benchi tangu asubuhi. Anasema hajarudi."

"Mume kutorudi kwake na mwongozaji kutorudi kutoka kazini ni vitu viwili, mwanangu."

Batuli aliliandika hilo kwenye daftari, si kwamba lilikuwa na maana, ila mkono ulitaka kazi. Alikuwa na hofu, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba hana. Usiku mmoja wa Julai kwenye msitu wa juu ya kijiji cha Ilkiding'a mtu mzima mwenye koti anaweza kuuvumilia. Usiku wa pili, akiwa ameumia na amelowa, hapana. Na jua la leo lingezama kwa wakati wake ule ule, halina habari na upelelezi wa mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Nathanael Pallangyo, mwongozaji wa miaka kumi na moja kazini, aliondoka jana asubuhi peke yake kwenda kukagua njia za msituni zilizoharibiwa na mvua, maana Ijumaa kulikuwa na wageni wa kupanda. Kabla ya kuondoka alifanya kama kampuni inavyotaka. Aliingia kwenye tovuti yao kwa simu, akafungua safari, akaandika njia atakayopita. Akirudi anatakiwa aifunge. Ikifika saa kumi na mbili jioni haijafungwa, mfumo unatuma ujumbe kwa Mama Kaanaeli na kwa mzee Saning'o, mkuu wa waokoaji kule kijijini, na vijana wanapanda kumtafuta. Jana haukutumwa ujumbe wowote, kwa sababu safari ilikuwa imefungwa.

Kule kituoni mkubwa wake alikuwa amecheka. Ana mchepuko huyo, alisema, Jumamosi utamkuta amejaa tele. Batuli hakucheka. Alikuwa ameshapiga simu kwa watu wa mtandao, na walimwambia kwamba laini ya Nathanael ilisikika mara ya mwisho jana saa nne asubuhi, kwenye mnara wa Ilkiding'a, halafu kimya.

"Mama, nisaidie kitu kimoja," alisema. "Simu imezimika saa nne asubuhi. Huyu mtu amefungaje safari saa kumi jioni?"

Mama Kaanaeli alivua miwani. Akaanza kuifuta kwa khanga aliyojitanda mabegani.

"Mimi nilikuwa namtolea mfano kwa wenzake," alisema taratibu. "Mwezi wa pili nilimsimamisha wiki mbili kwa kusahau kufunga. Mara tatu, afande. Watu wa Saning'o wamepanda na mvua, yeye yuko Sombetini kwake anakula. Tangu Machi amenyooka. Kila siku saa kumi, amefunga. Nikawa nawaambia wenzake, muigeni Nathanael."

"Kila siku saa kumi?"

"Haipiti robo saa."

Batuli alilipigia mstari hilo. Kisha akampigia mzee Saning'o.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, yeyo. Najua unachotaka. Mimi sikatai kwenda." Alimwita yeyo, mama kwa Kimaasai, na nyuma yake mbuzi walikuwa wanapiga kelele. "Lakini nina vijana kumi na wawili na makorongo saba. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba. Nikiwatawanya wawili wawili, mpaka usiku nitakuwa na watu wengine wa kutafuta. Niambie korongo. Ukiniambia korongo, ninaondoka saa hiyo hiyo."

"Nitakuambia."

"Saa tisa iwe mwisho, yeyo. Baada ya hapo giza litatuwahi, nitakuwa namdanganya tu mke wa mtu."

Batuli alipokata simu alijikuta anaangalia mlangoni, ambako kwa uwazi mdogo lilionekana bega la Sia, mke wa Nathanael, Mama Anneth kwa wanaomjua. Asubuhi alikuwa amemhoji kurasa mbili nzima. Mumeo aliamkaje, alivaa nini, alisema nini, ana ugomvi na nani. Mwanamke alijibu yote bila kulia, ameshika simu ndogo iliyofungwa kwa raba ili betri isidondoke.

*

Abdulrahman, fundi aliyeujenga mfumo, aliingia saa saba kasoro na kompyuta mgongoni na jasho la ngazi.

"Shikamoo afande. Foleni ya stendi."

"Marahaba. Njia aliyoandika jana iko wapi?"

"Imefutwa. Safari ikifungwa, njia inafutwa yenyewe." Aliona uso wake, akajitetea upesi. "Seva tunalipia ndogo, afande. Nikasema, mtu akisharudi nyumbani, njia yake nani ana haja nayo?"

Batuli alihesabu moyoni mpaka tatu. "Kwa hiyo aliyeifunga safari ndiye mtu wa mwisho kuiona ile njia."

"Kabla ya kufunga inamwonyesha, ndiyo. Jina la njia, halafu kitufe cha kijani."

"Basi nitafutie aliyebonyeza. Nani aliingia na nenosiri la Nathanael jana?"

Abdulrahman aliwasha kompyuta, akaandika, akasubiri, akaandika tena. Mama Kaanaeli alikuwa amesimama nyuma yake anasoma asichokielewa.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyeingia. Nenosiri la Nathanael halijaandikwa mahali popote tangu tarehe tisa Machi."

"Na safari imefungwa."

"Imefungwa."

"Abdulrahman, mimi kompyuta naijua ya kuandikia ripoti. Niambie kama unavyomwambia mama yako."

Kijana alijikuna kidevu. "Unaijua kadi ya harusi, afande. Siku ya kwanza unajieleza kwa kamati, wanakuandika, wanakupa kadi. Siku ya sherehe mlangoni hawakuulizi jina, wanaangalia kadi tu. Na huu mfumo hivyo hivyo. Ukiandika namba yako na nenosiri, simu yako inapewa kadi. Ukirudi kesho, simu inaonyesha kadi, unapita."

"Kadi inaisha lini?"

Abdulrahman alipunguza sauti. "Kwa kawaida baada ya siku kadhaa. Mimi niliiacha isiishe."

"Nani alikutuma ujenge mlango wako mwenyewe? Si nasikia kuna milango iliyo tayari?"

"Iliyo tayari inataka barua pepe. Waongozaji hawa nusu hawana, na waliobaki walifunguliwa na mtu wa stesheneri, nenosiri analijua yeye. Nikajenga wa namba ya simu. Wakaanza kulalamika, kila asubuhi kuandika nenosiri na vidole vina baridi. Nikaondoa mwisho wa kadi. Wakafurahi sana."

"Ndiyo, wamefurahi," Batuli alisema. "Nathanael ana kadi ngapi?"

Abdulrahman aliangalia, na kwa mara ya kwanza alikaa vizuri kwenye kiti. "Mbili."

Ya kwanza ilikuwa ya simu yake mwenyewe, ilitumika jana saa moja na nusu asubuhi kufungua safari. Ya pili ilitolewa Jumapili, tarehe tisa Machi, kwa simu nyingine, ya aina ya bei ndogo. Nenosiri liliandikwa sawa mara ya kwanza tu, bila kukosea. Tangu hapo kadi ile haikuwahi kufungua safari hata moja. Ilikuwa inafunga tu. Jumatatu hadi Jumamosi, saa kumi, saa kumi na dakika tano, saa kumi kasoro dakika mbili. Na jana, saa kumi na dakika nne.

"Miezi minne," Mama Kaanaeli alisema. Aliketi. "Miezi minne kuna mtu ananidanganya, na mimi namsifu."

"Aina hiyo ya simu nani anayo hapa ofisini?"

Mama Kaanaeli na Abdulrahman waliangaliana. Mwisho Mama Kaanaeli alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. "Eliud."

*

Eliud alikuwa mwongozaji mwenzake Nathanael, kijana wa Kimeru mrefu, na wiki iliyopita watu wote walisikia wanavyogombana ngazini kuhusu nani ataongoza wageni wa Ijumaa. Aliletwa kutoka stoo alikokuwa anakunja mahema. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

"Simu yako, weka mezani."

Aliiweka. Ilikuwa ya aina ile ile. Batuli aliigeuza, akairudisha mezani.

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Kwa Mrombo, natafuta buti za mtumba."

"Nani alikuona?"

"Watu wote wa sokoni, afande, na hakuna hata mmoja anayenijua." Alikuwa na hasira, lakini macho yalikuwa kwa Mama Kaanaeli. "Mnasema nimemfanyia kitu Natha?"

"Nasema mtu amemfungia safari. Wewe ulitaka kuongoza Ijumaa."

"Nilitaka. Nikamwambia usoni. Ningetaka kumdhuru ningemwambia usoni?" Sauti ilimkatika. "Hamjaenda kumtafuta bado. Mnanihoji mimi, na hamjaenda. Niambieni amekwenda wapi, nipande mwenyewe."

Batuli alikuwa ameshawahi kudanganywa na watu wanaolia, kwa hiyo alitaka ushahidi. Alimgeukia Abdulrahman. "Simu moja inaweza kubeba kadi mbili?"

"Hapana. Ukiingia kwa jina la mwingine, kadi ya kwanza inafutika. Ukitaka kurudi kwenye yako, lazima uandike nenosiri upya."

"Ya Eliud imewahi kuandikwa upya?"

Vidole vikapita kwenye kompyuta. "Kadi yake ni ile ile tangu Januari. Haijakatika hata siku moja."

"Basi si simu yake," Batuli alisema, akafuta jina kwenye daftari. Ilimuuma, maana lilikuwa jina pekee alilokuwa nalo, na dakika kumi na tano zilikuwa zimekwenda nalo. "Kaa hapa, Eliud. Samahani. Unamjua huyu mtu kuliko sisi."

Aliivuta kompyuta karibu akaanza kuisoma orodha ya ile kadi ya pili kama alivyozoea kusoma maelezo ya mashahidi, hatafuti kilichopo, anatafuta kilichokosekana. Machi, hakuna siku iliyorukwa. Aprili, vivyo hivyo. Mei. Mtu huyu hakuumwa, hakuchoka, hakusahau. Haikuwa tabia ya mwizi. Mwizi angechoka. Huyu alikuwa anafanya kazi.

Juni ikamsimamisha.

"Tarehe tatu mpaka sita Juni. Kadi haikutumika. Nani alifunga safari?"

"Nathanael mwenyewe," Abdulrahman alisema. "Kwa simu yake. Saa kumi na moja na nusu, saa kumi na moja na arobaini..."

"Siku hizo kulikuwa na nini?"

Mama Kaanaeli alitikisa kichwa. Eliud ndiye aliyejibu, bila hata kufikiri.

"Si ule msiba. Mama Anneth alikwenda Rombo kumzika shangazi yake. Natha alikuwa anawahi nyumbani kuwapikia watoto. Kila jioni anatuonyesha simu, anatuambia, mnaona, leo pia nimefunga, sijasahau, kama mtoto aliyeoga." Kisha akageuza shingo kuelekea mlangoni, kwenye benchi.

Batuli hakugeuka mara moja. Alikuwa anaona kurasa zake mbili za asubuhi. Mumeo, mumeo, mumeo. Hakumuuliza mwanamke yule swali hata moja kuhusu siku yake mwenyewe. Miaka kumi na tisa kazini, na hilo ndilo swali aliloliruka.

Saa nane kasoro dakika nane.

*

Alikwenda akaketi kwenye benchi, karibu, bila daftari. Sia alisogea kumpisha.

"Mama Anneth. Jana ulishindaje?"

Sia alishangaa kuulizwa. "Mimi? Nilifua. Nikapika, watoto wakala. Jioni nikatoka na mboga zangu kwenda mezani kwangu, Kwa Mrombo. Huwa natoka saa kumi."

"Kabla ya kutoka ulifanya nini?"

"Nilifunga jiko. Nikamsainia Baba Anneth. Nikatoka."

Alilisema kwa wepesi, kama anayetaja kufua. Batuli aliutuliza uso wake. Alijua sasa anataka kitu kimoja tu kutoka kwa mwanamke huyu, na alijua kwamba Sia akielewa alichokifanya kabla ya kukitoa, kinaweza kupotea kwenye kilio. Ulikuwa ukatili, na aliufanya kwa sauti ya upole.

"Unamsainia vipi?"

"Humu." Alifungua raba, akaiwasha simu. "Kuna Jumapili simu yake ilikosa chaji, akaingilia kwangu kuangalia ratiba. Huo ukurasa ukabaki. Nikiugusa unafunguka na jina lake. Mwezi wa pili walimsimamisha, aliniambia ni kwa sababu hakusaini kutoka. Hakusema zaidi, alikuwa na aibu. Na mimi nimefanya kazi mashamba ya maua, mahudhurio nayajua. Mwenzio akichelewa unamsainia. Kwa hiyo nikawa nambonyezea, saa kumi, kabla sijatoka." Alitabasamu kidogo. "Hajui. Akikuta imeshasainiwa anafikiri alikumbuka mwenyewe. Mwache ajisifu."

"Na kabla hujabonyeza, panaonyesha njia."

"Panaonyesha. Huwa nasoma, nijue kama ni mbali, niache chakula cha moto."

"Jana palisomekaje?"

Nyuma yao kwenye mlango watu watatu walikuwa wamesimama wanasikiliza. Sia alifikiri. Aliangalia sakafu, akakunja uso.

"Nilicheka," Sia alisema. "Nilicheka peke yangu, kwa sababu ana hofu na nyuki huyo, hata asali hali. Palikuwa pameandikwa Korongo la Nyuki. Upande wa juu."

Batuli alikuwa ameshabonyeza namba ya Saning'o.

*

Waokoaji waliondoka saa nane na dakika tano. Eliud alitangulia kwa pikipiki na kamba begani. Batuli alimchukua Sia kwenye gari la polisi, wakaiacha lami, wakaanza kupanda.

"Afande," Sia alisema. "Ile si mahudhurio."

Batuli angeweza kusema tutazungumza baadaye. Aliona hana haki hiyo.

"Siyo, mama."

"Ni nini?"

"Isipobonyezwa, saa kumi na mbili watu wanapanda kumtafuta. Ikibonyezwa, wanajua amerudi."

Sia hakulia. Aliigeuza simu ikatazama chini kwenye mapaja, akaweka viganja viwili juu yake. Hivyo hivyo akakaa mpaka barabara ilipoishia, chini ya msitu, ambako ukungu ulikuwa umesimama kwenye mistari ya kahawa. Walisubiri ndani ya gari. Saa kumi ilipita, na wote wawili waliiona kwenye saa ya dereva.

Simu ya Batuli iliita saa kumi na dakika ishirini. Aliweka sauti ya nje kabla hajajua ni habari gani, kisha akajilaumu.

"Yupo," Saning'o alisema, anahema. "Yu hai, yeyo. Ukingo ulimeguka akaenda nao. Mguu umevunjika, na baridi imemchosha, lakini anaongea. Anaongea sana. Msikie."

Kukawa na mikwaruzo, halafu sauti nyingine, kavu, imekauka kwa kiu.

"Mzee, mimi nilijua mtakuja. Usiku kucha nilikuwa najiambia, Natha, leo hujafunga, kwa hiyo watakuja tu. Saa kumi na mbili nikaanza kupuliza filimbi. Nimepuliza mpaka asubuhi." Alikohoa. "Sasa mbona mmechelewa hivyo?"

Ndani ya gari, Sia aliinua kichwa. Mzee Saning'o aliita, "Yeyo? Bado upo?"

Batuli alitafuta la kusema, na kwa kweli alikuwa nalo, la kipolisi, refu, la kumlinda kila mtu. Sia alinyoosha mkono.

"Nipe simu, afande," alisema. "Hilo nitamjibu mimi."